Marehemu Kaja Juu

Taipu alizipata habari za kifo chake asubuhi ya mwaka mpya, akiwa amekaa kitandani kwake, shuka magotini, miwani puani, simu mkononi, na njaa inamuuma.

"Mbele yako, nyuma yetu, Taipu wetu," alikuwa ameandika Mwalimu. "Umetuacha siku ambayo watu wanapeana heri." Chini yake Mwokaji: "Siamini. Mungu ailaze roho yake mahali pema. Nimeacha unga kwenye bakuli, mikono haifanyi kazi."

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shuka, akaivaa tena. Macho yake siku hizi hayakuwa mashahidi wa kutegemewa. Tangu aanze kutiwa matone ya dawa, herufi zilikuwa zinacheza kwenye kioo cha simu kama watoto waliokosa mwalimu darasani. Lakini jina lilikuwa lile lile, na rambirambi zilikuwa zake. Akazipandisha kwa kidole kutafuta nani kamuua, na hapo akaliona: ua. Waridi jekundu lenye umande, limezungukwa na nyota zinazometameta, na maandishi ya dhahabu yanayosema "Heri ya mwaka mpya, wewe na uwapendao." Limetoka kwenye simu yake yeye.

"Nani?" alisema kwa sauti, chumbani peke yake. "Nani kagusa simu yangu?"

Ili mtu aelewe ua linawezaje kumuua mwanamke mwenye nguvu zake zote za kugomba, lazima kwanza akijue kijiwe chao.

Kijiwe chenyewe hakina benchi wala kahawa. Kilianzia kwenye tovuti ya gazeti moja, chini ya chemshabongo, mahali pa wasomaji kutoa maoni. Siku moja kidokezo kilisema "Umri mkubwa, herufi nne", watu wakajaza UZEE, kesho yake jibu likatoka KALE. Watu walichachamaa. Mchapaji wa mahakama, mwalimu wa jiografia, mwoka mikate na dereva wa lori, wote wasiojuana, walimshukia mhariri kama mwewe. Fundi mmoja wa saa akajitokeza kumtetea. Alisema tatizo lao si mhariri, tatizo lao wanaogopa kuzeeka, ndiyo maana wanaliona neno hilo kila penye nafasi nne. Wakamwacha mhariri, wakamgeukia yeye.

Ubishi ule haukuisha. Gazeti lilikufa, chemshabongo ikafa nalo, wao wakahamia kwenye simu na kuendelea kubishana. Miaka ikaenda, nywele zikabadilika rangi, na hakuna aliyewahi kumtia mwenzake machoni. Picha walizikataa, sauti nazo wakazikataa. "Sura zetu wanazo jamaa zetu," alisema Mwalimu wakati ule. "Hapa tuletane maneno." Majina ya kuzaliwa nayo yakabaki huko huko kwa jamaa, wao wakaitana kwa kazi zao. Yeye akawa Taipu, kwa sababu alikuwa akichapa hukumu za watu bila kutazama vidole, huku anamsikiliza karani wa meza ya pili akimsema mumewe, na herufi haikosewi.

Kila mwaka mpya ilikuwa sharti kila mmoja aandike salamu zake mwenyewe, na ziguse umri, maana humo ndimo walimozaliwa. Mwaka uliopita Mwokaji aliandika kwamba magoti yake sasa yanaamka baada yake. Mwalimu akasema anaingia chumbani kufuata kitu, kufika kakisahau, basi anaanza kukikagua chumba kama mgeni rasmi. Mtu mmoja akataka uzee uitwe utu uzima, kwa heshima. Fundi Saa akajibu kutoka kwenye kibanda chake chini ya ngazi za jengo fulani kwamba utu uzima ni uzee uliovaa tai.

Na ua? Ua lilitoka kwa Dereva. Dereva, mwendesha lori mwenye matusi matamu kuliko wote, alianza ghafla kutuma maua. Waridi asubuhi, yungiyungi jioni, mishumaa siku za sikukuu. Walimtania kwamba ameokoka au ameoa. Walitaniana hivyo miezi, mpaka siku Dereva alipouliza kundi zima kama kuna anayehitaji matairi ya lori ya marehemu mjomba wake. Kumbe aliyekuwa na simu siku zote hizo ni mpwa. Mjomba alishazikwa zamani, na wao walikuwa wanaendelea kumchekea. Mwokaji alilia wiki nzima, na Fundi Saa, ambaye hajawahi kukiri kuumwa hata jino, aliandika kwamba kifua kinamuuma. Ndipo wakakata kauli: mwenye kutuma ua amekufa. Hakuna kuuliza, hakuna kusubiri. Ataliliwa siku hiyo hiyo, ili asibaki mtu akielea hana kwake.

Taipu mwenyewe ndiye aliyeichapa sheria hiyo, na sasa ilikuwa imemkuta akiwa hajanywa hata chai.

Akaendelea kusoma, na hapa ndipo hasira ilipompanda kweli kweli. Kufa kwenyewe angeweza kusamehe. Alichoshindwa kukimeza ni aya ya Mwalimu. "Alikuwa mpole," aliandika Mwalimu. "Alikuwa mnyenyekevu, mwenye maneno machache na subira nyingi. Hakuwahi kumkwaza mtu." Mwokaji akaitikia, "Kweli kabisa, mama wa watu, hana makuu."

Hana makuu! Mwanamke aliyemnunia Mwalimu msimu mzima wa mvua kwa sababu ya neno "kiujumla"! Mwanamke aliyemfukuza Mwokaji kundini mara mbili kwa kufupisha maneno, na mara mbili akamrudisha bila kuomba radhi! Mtu anaujenga ukali wake miaka na miaka, anaulisha, anaunyoosha, halafu wenzake wanakuja kuufuta kwa mistari mitatu kama wanapangusa meza. Taipu alihisi damu inagonga masikioni. Fundi Saa peke yake alikuwa hajaandika kitu, na hilo nalo likamuudhi.

Akashuka kitandani, kanga moja, viatu hakuna, mpaka jikoni.

Binti yake alikuwa anamenya viazi juu ya ndoo. Kazi yake ni msusi. Jana yake, siku ya kufunga mwaka, alisuka vichwa tangu jua halijatoka mpaka taa za barabarani zikawaka, na vidole vilikuwa bado vimevimba. Walikuwa wakiishi wawili tu tangu ndoa ya binti ivunjike, na nyumba yao ilikuwa na kelele za kutosha familia tatu. Wateja wa saluni walimfuata kwa misuko yake na kwa mdomo wake pia, na mdomo huo hakuuokota njiani.

"Shikamoo, mama. Heri ya mwaka..."

"Heri ya nani? Mimi nimekufa. Shika, soma."

Binti akajifuta mikono kwenye nguo, akaichukua simu. Akasoma rambirambi, nyusi zikapanda. Kisha akafika kwenye ua, akalitazama. Alilitazama muda mrefu kuliko ua lenyewe lilivyostahili. Halafu akamtazama mama yake.

"Nisamehe, mama," alisema taratibu. "Nilidhani nakusaidia. Macho yanakusumbua, nikasema nikutumie salamu."

"Nani kakuomba msaada?" Taipu alifoka mpaka kifuniko cha sufuria kikalia. "Mimi sina mdomo? Sina vidole? Leo unanitumia maua, kesho utanitafunia chakula, keshokutwa utanichagulia sanda! Watu wa miaka yote hii, watu wanaonijua kuliko wewe unavyonijua, wananililia kwa ajili ya mkono wako usiotulia. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea. Nimelea mwizi wa salamu!"

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo nini?"

"Nimekosa, mama. Sirudii."

Taipu akavuta pumzi kwa ajili ya duru ya pili, akakuta hakuna wa kupigana naye. Ushindi ulikuwa umekuja haraka mno, kama mlango unaousukuma kwa bega kumbe haujafungwa. Lakini hakuwa na wakati wa kuuchunguza. Alikuwa na matanga ya kuyavunja.

Akaketi sebuleni, akaandika kwa kasi: "Nik ohai, wajinga nyie. Ni bintiyngu alietuma ua." Akatuma kabla hajasoma.

Jibu la Mwalimu lilifika limepigwa pasi. "Binti yetu, pole sana kwa msiba. Uchungu wako tunauelewa. Ila tunakuomba, kwa heshima ya marehemu, usiandike kwa jina lake."

"MIMI NI TAIPY," alichapa Taipu, kwa herufi kubwa.

"Mwanangu," akaandika Mwokaji, "mama yako hakuwahi kukosea herufi hata moja. Kunywa maji, ujilaze kidogo."

Taipu akayasoma maneno yake mwenyewe pale juu. Nik ohai. Taipy. Uso ukamwaka. Akaandika tena, akakosea tena, akafuta, kidole kikagusa pasipo pake, ujumbe ukaenda nusu. Hasira hasara, wanasema, na siku hiyo hasara ilikuwa inaonekana kwa macho: kila alivyozidi kukasirika ndivyo alivyozidi kufa. Mwalimu akamwombea kwa Mungu amtie nguvu binti wa marehemu. Mwokaji akauliza mazishi ni lini.

Ndipo jina la Fundi Saa likatokea.

"Mimi sina mengi," aliandika. "Huyo mpole mnayemzika simjui. Taipu ninayemjua mimi alikuwa mgomvi. Alinisema tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kuna siku niliifungia simu kwenye droo ya spea ili nisimsome, nikaitoa kabla chai haijapoa. Katika umri huu watu wengi wananiitikia tu, mzee sawa, mzee ndiyo. Yeye alinibishia. Nitamkosa haswa."

Haswa. Kwa w. Neno hilo ndilo lililokuwa vita vyao virefu kuliko vyote. Taipu alishikilia kwamba ni "hasa" na w ni uchafu ulioingia kwa mlango wa nyuma. Fundi Saa alishikilia kwamba bila w neno halina uzito. Walikuwa wameachana nalo mara nyingi, kwa uchovu, si kwa amani.

Vidole vya Taipu havikumsubiri. "Hasa," vilichapa. "Hakuna w humo. Nimekwambia mpaka nimezeeka, na wewe umezeeka nayo mdomoni."

Hakuna herufi iliyokosewa.

Halafu Fundi Saa akaandika, "Jamani, marehemu kaja juu," na Mwokaji akajaza kioo kizima kwa neno moja, uongo, uongo, uongo, kisha akasema anakwenda kukaa chini kwanza.

"Ile w ilikuwa chambo," Fundi Saa akaongeza. "Nilijua kama yupo hai hawezi kuiacha ipite."

"Nyamaza wewe, nitakufikia," aliandika Taipu, na moyo ulikuwa unamdunda kwa raha na hasira kwa pamoja. "Mwalimu! Nani mpole?"

"Tulikuwa tunakusitiri," alijibu Mwalimu. "Maiti hasemwi."

"Mimi nisemeni! Siku nikifa kweli nisemeni hivi hivi. Mkiniita mnyenyekevu nitakaa kwenye jeneza."

Mwalimu alipojibu, hakuwa anatania. "Niseme ukweli, Taipu. Aya ile nilikuwa nayo tayari. Umri huu salamu za sikukuu ninazifungua kama mtu aliyegongewa mlango na polisi. Sikutaka nikutwe sina maneno, kama kwa Dereva. Kwa hiyo nimewaandikia wote mapema. Ni ile ile, nabadilisha jina."

"Kwa hiyo hata mimi mpole?" akauliza Mwokaji.

"Wote ni wapole."

"Mimi niliyempiga mtu na ubao wa mkate?"

Wakamgeukia Mwalimu, wakampa vidonge vyake. Taipu alichapa polepole sasa, herufi moja moja, simu karibu na pua, akicheka huku amekunja uso. Mwalimu alilazimishwa kuziandika upya, kila mmoja na aibu zake. Akasema bora afe yeye kwanza, kazi iwaangukie wao. Wakamwambia yake haitachukua muda.

"Na binti umeshamwadhibu?" aliuliza Fundi Saa.

"Nimemwosha. Kakiri mwenyewe, kaomba radhi."

"Kakiri? Yule msusi wako mwenye mdomo?"

"Hata hakubisha."

Baada ya muda simu ikalia, na haikuwa kundini. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane Fundi Saa alikuwa amemwandikia pembeni, wawili tu.

"Taipu, mimi kazi yangu ni saa, siwezi kuiona nisiisome. Ua lilifika jana, saa nane mchana, ingawa sisi tumelifungua leo asubuhi. Jana hapa kwetu saluni zote watu walikuwa wamejipanga mpaka nje. Saa nane simu yako ilikuwa wapi?"

Taipu alianza kumwandikia tusi. Aliliandika mpaka katikati, kidole kikasimama.

Saa nane jana alikuwa amekaa hapo hapo alipokaa. Binti alikuwa saluni. Simu ilikuwa mkononi mwake, matone ya dawa yalikuwa yametoka kutiwa, na nyumba nzima ilikuwa ukungu. Wifi yake, ambaye tangu azaliwe hajatunga salamu yake mwenyewe, alikuwa amemtumia waridi lenye umande. Taipu akasonya, akaamua kulifuta kabla halijachafua simu. Akagusa alama aliyodhani ni pipa la taka. Kumbe pembeni ya pipa kuna mshale wa kupeleka kwa wengine. Simu ikamletea majina, akagusa la juu ili yaondoke, yakaondoka. Akaiweka simu mezani, ameridhika, akajua kalitupa ua.

Vidole vyake vilikuwa vimelala juu ya magoti, akavitazama kama watu waliomsemea uongo mahakamani. Angeweza kulia. Lakini Taipu alikuwa na njia yake ya kulia, na njia hiyo ilipitia jikoni.

"Kwa nini ulikubali?"

Binti alikuwa ameshaviweka viazi kwenye mafuta. "Nini tena, mama?"

"Ua nimelituma mimi. Jana saa nane ulikuwa na kichwa cha mtu mikononi. Asubuhi umeliona lile ua, ukaiona saa, ukajua. Halafu ukasema nisamehe. Kwa nini?"

"Si yamekwisha? Ngoja nigeuze viazi, vitaungua."

"Viache viungue!"

"Ningesema nini sasa? Ungekasirika."

"Nilikuwa nimeshakasirika! Tangu lini wewe ukaogopa hasira zangu? Nilipokukataza usiolewe na yule mwanamume ulinijibu neno kwa neno mpaka jirani akazima redio asikie vizuri. Leo nakuita mwizi, unaniambia ndiyo, mama. Ndiyo, mama, ya nini?"

Binti akageuza kiazi kimoja, kisha kingine. "Mama, wewe sasa ni mtu mzima," alisema. "Si vizuri tena mimi na wewe kuwa tunapigizana kelele."

Mtu mzima. Alilisema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma Taipu mahali ambapo rambirambi zote hazikufika. Akashika ukingo wa meza.

"Na ni mara ngapi?" aliuliza.

"Mara ngapi nini?"

"Sufuria lililoungua ukasema umelisahau wewe."

Binti akazidi kugeuza viazi.

"Funguo zilizokutwa kwenye friji."

"Mama, achana nayo."

"Bomba lililoachwa wazi, maji yakafika kwa jirani, ukaenda kuomba radhi mlangoni kwa watu na mwiko mkononi. Yote hayo ni mimi?"

"Siyo yote," alisema binti, sauti imeshuka. "Bomba nililiacha mimi kweli."

Taipu akakaa. Kila moja ya siku hizo alikuwa amefoka. Alimfokea mtoto wa watu kwa raha zake zote, kisha akaenda kijiweni kuwachekesha wenzake kwamba binti yake anasahau kama kikongwe. Hasira yake haikuwa imeondoka, ilikuwa imepotelewa tu na mtu wa kumwangukia, na hicho kilikuwa kitu kigeni kwake.

"Wale wamenizika asubuhi hii kwa bahati mbaya," alisema. "Wewe umenizika mwaka mzima, kidogo kidogo, kwa makusudi, na tabasamu usoni."

"Sijakuzika! Nilikuwa nakustahi!"

"Ndiko kuzika kwenyewe! Anayestahiwa ni maiti. Mtu aliye hai anaambiwa, mama, umeunguza sufuria!"

"Unataka nikuambie?" Binti alitupa uma kwenye sinki. "Unataka kweli? Haya! Nimechoka! Umenitangaza mtaa mzima kwamba sina akili. Umekuja saluni kwangu, nimejaza wateja, ukasimama mlangoni ukawaambia wasinipe vichwa vyao nitasahau kusuka upande mmoja. Wamecheka, na mimi nikacheka. Nikaenda stoo nikalia, mikono imejaa mafuta ya nywele siwezi hata kujifuta. Kila nikiwa kazini nakuwazia jiko. Nikisikia gari la zimamoto, naacha mtu na nusu kichwa natoka nje kuangalia linaelekea wapi. Na ukinifokea jioni nasema ndiyo mama, kwa sababu nikikuambia ukweli nitakuona unavyoogopa, na mimi sijawahi kukuona ukiogopa, sitaki kukuona, na wewe hunisaidii, unapiga makelele tu, unapiga makelele tu..."

Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Samahani, mama," alisema nyuma ya kiganja. "Nisamehe. Sikukusudia."

Taipu akapiga meza mpaka kisu kikaruka.

"Usiniombe radhi! Nani kakuambia umemaliza?" Macho yalikuwa yanamtiririka, na hakuna dawa iliyokuwa imetiwa asubuhi hiyo. Hakuyafuta. "Nimeogopa, ndiyo, umeniona. Sasa sema yote. Ukikosea nitakubishia."

Binti akazima jiko. Viazi vilikuwa vimeshakuwa vyeusi upande mmoja. Akavuta kiti, akaketi uso kwa uso na mama yake, viwiko mezani.

"Sufuria," alisema, na sauti ilikuwa ile ya zamani, ya ugomvi. "Tuanze na sufuria."